Kugombea ubunge wa jimbo la Maine bila chama: nilivyopanga karatasi, pesa na tarehe

Maine, jimbo la Marekani, wamezoea wagombea huru, yaani wasio na chama. Angus King alichaguliwa gavana bila chama mwaka 1994, akachaguliwa tena 1998. Baraza la Wawakilishi la jimbo lina viti 151, na kila mbunge ana watu wapatao 9,000, idadi ambayo mtu anaweza kuimaliza nyumba kwa nyumba. Naandika nilivyofanya hadi jina langu likaingia kwenye karatasi ya kura, hasa kwa wenzetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, wakapata uraia huku, na sasa wanafikiria kugombea.

Masharti ya msingi ni mepesi: umri wa miaka 21, uraia wa miaka 5, kuishi jimboni mwaka mmoja, na miezi 3 ndani ya wilaya ya uchaguzi kabla ya siku ya kura. Kinachowaangusha watu ni kalenda. Kama umejiandikisha na chama, uwe umejitoa ifikapo tarehe 1 Machi ya mwaka wa uchaguzi. Unajitoa kwa karani wa mji wako. Dai nakala yenye mhuri wa tarehe na uitunze.

Asiye na chama huingia kwenye karatasi ya kura kwa sahihi za wapiga kura wa wilaya yake. Sahihi hizo zinafika kwa karani kabla ya saa 11 jioni tarehe 25 Mei, kisha Augusta, mji mkuu wa jimbo, kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo, kabla ya saa 11 jioni tarehe 1 Juni. Ukizifuata tarehe hizo peke yake, umeikosa ruzuku ya kampeni, yaani pesa ambazo jimbo humpa mgombea. Ruzuku hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Uchaguzi Safi, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996, na ili kuipata lazima ukusanye michango ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura, mwisho tarehe 20 Aprili. Kwa hiyo kila mlango niliobisha nilikuwa na karatasi mbili mkononi: ya sahihi na ya dola 5.

Dola 5 hizo hazimwendei mgombea. Zinakwenda kwenye mfuko wa jimbo, na kwa kiti cha uwakilishi zinatakiwa kutoka kwa wapiga kura 60 wa wilaya yako. Kabla hujaanza kuzikusanya, uwe umeteua mweka hazina na kupeleka tamko la nia ya kuomba ruzuku kwa Tume ya Maadili ya jimbo, inayosimamia pesa za kampeni. Mtoaji atumie pesa yake mwenyewe. Mzee akikosa hundi, usimlipie kwa wema. Mchango huo haufai kitu na unakutia matatani. Ninapendekeza malipo ya mtandaoni kupitia tovuti ya Tume, maana karatasi zinapungua. Pesa za kuanzia, za petroli na za kuchapisha vipeperushi, unaruhusiwa kuchanga kwa watu binafsi, usizidi dola 100 kwa mtu na 1,000 kwa jumla.

Kwa sahihi, sheria inataka 50 hadi 80. Nilikusanya karibu na 80, kwa sababu karani hukata nyingi. Mmoja amehama na bado ameandikishwa kwenye anwani ya zamani. Mwingine anakaa ng'ambo ya barabara, ambako tayari ni wilaya nyingine. Mke anamsainia mume aliye kazini. Mpiga kura wa chama chochote au asiye na chama anaweza kusaini, lakini lazima asaini mwenyewe mbele ya anayezungusha fomu. Sahihi zikikamilika, mzungushaji anaapa mbele ya notari (afisa anayeshuhudia viapo), ndipo fomu inakwenda kwa karani. Wilaya ikigusa miji miwili, kila mji uwe na fomu yake, kwani karani anathibitisha wapiga kura wa kwake tu na fomu moja ikizunguka ofisi mbili itachelewa.

Kwenye jamii yetu hapa pana hatari kubwa. Asiye raia hawezi kusaini wala kutoa dola 5, na asijiandikishe kupiga kura kwa kutaka kukusaidia. Kujidai raia kunaweza kumharibia maombi yake yote ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuchangia pesa za kuanzia. Anayesubiri hifadhi asichangie hata senti, ila anaweza kujitolea bila malipo: kupika, kukunja vipeperushi, kuendesha gari.

Sasa hesabu ya kura. Wapiga kura wa Maine huwapanga wagombea kwa nafasi ya kwanza, ya pili na kuendelea katika uchaguzi wa rais na wa Kongresi (bunge la taifa), lakini si kwa kiti cha bunge la jimbo mwezi Novemba. Hapo anayeongoza ameshinda, hata kwa asilimia 38. Wagombea wa vyama huwasilisha fomu ifikapo tarehe 15 Machi. Tazama orodha hiyo. Wilaya yenye mgombea wa chama kimoja tu ndiyo yenye nafasi nzuri kwa mgombea huru. Na pale chama cha pili kinapoonekana kuwa na mgombea dhaifu, angalia kama ni wa kushika nafasi tu, maana akijitoa Julai chama chake kinaruhusiwa kuweka mwingine.

Mabango ya kando ya barabara za umma yana kikomo cha wiki 12 kwa mwaka, futi 30 kutoka bango moja hadi jingine lenye ujumbe uleule, na kila moja liandikwe jina, anwani na tarehe za kusimamishwa.