Alitangulia Yeye

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, mapokezi ya kliniki ya macho, mzee yule alipofika dirishani na kofia mkononi. Nikamwuliza jina. Akataja majina mawili, polepole, kama mtu anayekijua kitakachofuata.

Nikacheka. Si tabasamu, nilicheka mpaka watu wa kwenye mabenchi wakageuka. Nikamwambia, "Mzee, naomba jina lako halisi." Hakujibu. Alichomoa kitambulisho mfukoni akakiweka mbele yangu. James Bond, kama yule jasusi wa sinema. Chini yake, mwaka wa kuzaliwa: 1947.

"Huyo jasusi unayemcheka," akasema, "kazaliwa lini?"

Sikujua.

"Hadithi yake ya kwanza ilitoka 1953. Mimi nilikuwa nimeshaanza shule, mwanangu. Na jina hili nilipewa na baba yangu."

Foleni ilikuwa fupi, akabaki pale huku nikimjazia faili. Ndiye aliyenisimulia kwamba hata jasusi mwenyewe jina si lake. Mwenye jina alikuwa Mmarekani wa Philadelphia, mtaalamu wa ndege, aliyezaliwa mwaka 1900. Mwaka 1936 alitoa kitabu cha ndege wa visiwa vya Karibi. Ian Fleming, mwandishi aliyemtunga jasusi huyo, alikuwa na kitabu hicho nyumbani kwake Jamaica; akitafuta jina fupi lisilo na madoido la kumpa jasusi wake, akalichukua hilo bila kumwomba mtu. Baadaye mke wa yule mtaalamu alipomwandikia, Fleming alijibu kwamba mumewe naye yu huru kulitumia jina la Ian Fleming apendavyo. Wakaja kuonana Jamaica mwaka 1964. Fleming akampa nakala ya kitabu chake kipya, ndani ameandika kuwa ni zawadi kwa James Bond wa kweli, kutoka kwa mwizi wa utambulisho wake.

Tangu siku ile nimeirudia habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasita kwenye neno hilo, mwizi. Fleming alilisema kwa utani, lakini alilisema. Mimi, niliyemdai mzee wa watu jina "halisi" mbele ya wagonjwa wenzake, sikuwa nimesema hata samahani.

Niliisema nilipomrudishia kitambulisho. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa.

Zamu yake ilipofika sikutaka wamcheke tena. Nikatoka dirishani, nikamwendea, nikainama na kumnong'oneza kuwa daktari anamsubiri. Akaniangalia kwa muda.

"Wenzangu uliwaitaje?"

"Kwa sauti, mzee."

"Basi rudi ukaniite. Mimi sikuliiba."

Nikarudi dirishani. Nikalisoma jina lake lote, kwa sauti ile ile niliyowasomea wengine. Mtu mmoja alicheka. Mzee akavaa kofia yake, akainuka, akapita mbele yake taratibu kuelekea kwa daktari.