Gitaa la mapajani, wiki ya sita: chikari na daraja lililobanduka

Wiki hii nimefunga nyuzi mbili za chikari, zile nyembamba za pembeni za kushikilia Sa, noti ya msingi katika muziki wa Kihindi, na kesho yake daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa, likabanduka. Nilichomeka karatasi nyuma yake ikaingia bila kukwama, nikajua gundi imeachia. Nimelegeza nyuzi zote, nikapaka gundi ya mbao, nikabana kwa jiriwa usiku kucha. Sasa chikari zimeshikwa na skrubu chini kabisa ya gitaa, daraja lisibebe mzigo usio wake.

Kwa aliyejiunga leo: nataka kupiga raga, ile mitindo ya noti ambayo muziki wa Kihindi hujengwa juu yake, na uhai wa raga uko kati ya noti na noti. Huo mteremko usiokatika ndio meend. Mpiga sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, huuvuta uzi pembeni mpaka apande noti kadhaa. Kwenye gitaa la kawaida uzi hugoma mapema, na kidole kimeshachubuka. Mwanamuziki wa Kihindi Brij Bhushan Kabra alililaza gitaa mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi kama wapigaji wa Hawaii. Mwaka 1967 alirekodi hivyo na bansuri (filimbi ya mwanzi) ya Hariprasad Chaurasia na santoor (ala ya nyuzi za kugongwa) ya Shivkumar Sharma, na kila nikimsikiliza nasikia mtu anaimba. Nami nimefuata njia hiyo: nimeinua kile kijiti cha mfupa kichwani mwa shingo, nyuzi zimekaa juu, chuma hakigongi freti, vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni.

Nimetuni D A D F# A D, Sa ikiwa D. Zoezi ni raga ya Bhupali, noti tano tu: Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Chuma kikae juu ya freti yenyewe, siyo nyuma yake tulikozoea kuweka kidole, na kidole cha pete kifuate nyuma kuzima mikwaruzo. Kutoka Ga kushuka Re, freti ya nne hadi ya pili, ni sentimita sita na kidogo. Jana nimekaa na sentimita hizo saa nzima. Nikiharakisha, Re inatoka chini ya sauti yake. Mara tatu hivi imetua penyewe, na chikari zikaitikia.

Zinafuata nyuzi za mwangwi, zinazolia zenyewe nyingine zikipigwa. Mohan veena, gitaa la mapajani la Mhindi Vishwa Mohan Bhatt, inazo 12. Mimi naanza na nne. Huitwa tarab, na Mswahili gani atalisikia jina hilo asikumbuke kanuni na fidla? Jumamosi naenda kwa seremala kutafuta kipande cha mpingo cha kutoboa matundu ya funguo zake.