Nas na Jay-Z: Bifu Iliyozaa Kolabo

Ukipanda matatu ya Free Area jioni hapa Nakuru, si ajabu kuwakuta vijana wakibishana kuhusu nani alimshinda mwenzake kati ya marapa wa Marekani Kendrick Lamar na Drake. Jambo linalosahaulika katika ubishi huo ni kwamba mwaka 2012, miaka 12 kabla ya kurushiana nyimbo za matusi, Drake alishirikishwa katika "Poetic Justice" kwenye albamu ya Kendrick. Wengi wa mahasimu wakubwa wa rapu waliwahi kusikilizana kwa karibu sana kabla ya kukosana, na ndiyo maana maneno yao huchoma.

Mfano ninaouenzi zaidi ni wa Jay-Z na Nas, marapa wawili wa New York. Jay-Z alipotoa "Dead Presidents" mwaka 1996, kiitikio chake kilikuwa sauti ya Nas, iliyokatwa kutoka katika wimbo wake "The World Is Yours" na kurudiwarudiwa juu ya kinanda kile cha huzuni. Jay-Z anamaliza ubeti, ananyamaza, na Nas anaingia kana kwamba wamesimama mbele ya maikrofoni moja, ingawa hakurekodi chochote kwa ajili ya wimbo huo. Kisha katika "Takeover", iliyomo kwenye albamu iliyotoka Septemba 11, 2001, Jay-Z aliitaja sauti hiyohiyo ili kumsuta Nas: alidai kwamba Nas alikuwa na mstari mzuri tu, na kwamba yeye Jay-Z ndiye aliyeugeuza kuwa wimbo. Nas alijibu kwa "Ether" kabla ya mwaka kwisha. Watu wengi humpa Nas ushindi kwa sababu ya ukali wake, lakini mimi naona "Takeover" imejengwa vizuri zaidi, kwa kuwa Jay-Z anazipitia albamu za mpinzani wake na kuzihukumu, kazi isiyowezekana kwa mtu asiyezijua.

Washairi wetu waliujua mchezo huu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama, na huwezi kulijibu shairi ambalo hukulielewa.

Bifu nyingine ziliishia pabaya. 2Pac na Notorious B.I.G. walikuwa marafiki hadi 2Pac alipopigwa risasi katika studio moja ya New York mnamo Novemba 1994 na kuanza kumshuku mwenzake; kufikia Machi 1997 wote wawili walikuwa wameuawa. Hilo bado linaniuma.

Nas na Jay-Z walipatana mbele ya umati huko New Jersey, Oktoba 2005. Jay-Z alipokuwa akiimba "Dead Presidents", Nas alipanda jukwaani na kukitamka kiitikio kile kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka uliofuata alijiunga na Def Jam, kampuni iliyoongozwa na Jay-Z, wakatoa pamoja wimbo "Black Republican". Mimi huwahimiza marapa chipukizi wa Kaptembwa na Bondeni, mitaa ya hapa Nakuru, wausikilize pamoja na zile nyimbo mbili za mwaka 2001. Ni wimbo mzuri, wenye fahari ya watu wazima waliosameheana, lakini kwa sikio langu haufikii makali ya "Takeover" wala "Ether", kwa sababu humo hakuna aliyelazimika kumjibu mwenzake.