Shilingi 42 Zinazouzwa kwa 27

Mombasa, Jumapili usiku

Leo tulikutana tena barazani kwa mjomba baada ya sala ya alasiri, watu tisa, na jambo lililotuleta lilikuwa moja tu: hisa zetu. Sote ni wanahisa wadogo wa kampuni moja ya uchapaji iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ambayo jina lake nitalihifadhi. Mimi nina hisa 1,200 nilizorithi kwa marehemu baba, aliyezinunua kidogo kidogo alipokuwa karani bandarini. Cheti chake cha karatasi nzito chenye muhuri mwekundu ningali nacho ndani ya sanduku, ingawa hisa zenyewe zilikwisha kuhamishiwa katika akaunti ya kielektroniki miaka mingi iliyopita. Mama mmoja wa Kisauni ana 300. Mjomba, mwenye nyingi kutushinda wote, ana 5,000.

Kampuni yetu ilipata jina kwa vitabu vya risiti, daftari za hesabu, bahasha na kalenda za ukutani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, risiti ya watu wengi imekuwa ujumbe wa simu, na kalenda nayo imo humo humo kwenye simu. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini zamani kidogo kampuni iliuza kiwanja chake kikubwa cha Nairobi kwa bei nzuri, na fedha zile zikawekwa katika amana za benki na hati fungani za serikali, yaani mikopo kwa serikali inayolipa riba, nazo ziko huko hadi leo. Haidaiwi na benki yoyote. Kwa hiyo tunamiliki kitu cha ajabu: biashara inayonyauka iliyokalia fedha nyingi.

Wiki hii nilizisoma hesabu zilizokaguliwa kwa penseli mkononi. Nilichukua fedha taslimu, amana na hati fungani, nikatoa kila deni lililoandikwa, pamoja na mafao ya wafanyakazi, kisha nikagawa kwa idadi ya hisa. Nilipata shilingi 42 kwa hisa moja. Bei ya sokoni Ijumaa ilikuwa shilingi 27. Nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu nilidhani nimekosea mahali pa nukta.

Mjomba aliposikia hivyo alifurahi sana. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: soko limelala, tununue zaidi, siku moja litaamka. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka Alhamisi usiku, nilipotazama ukurasa wa mapato na matumizi. Kampuni inapata hasara ya karibu shilingi tatu kwa kila hisa kwa mwaka, na hiyo ni baada ya kuingiza riba yote ya zile amana. Toa 27 katika 42, inabaki 15. Gawa kwa tatu, unapata miaka mitano. Sidhani kwamba soko limelala. Wanunuzi wameshahesabu kwamba tutakaa kimya kwa miaka mitano zaidi huku fedha zikipungua, na bei ya kimya hicho wameikata kabisa kabla hawajatoa shilingi yao. Tofauti ile niliyoiita bahati ni makadirio yao juu ya tabia yetu sisi wanahisa.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na mlango alisema dawa ni moja: kampuni igawe fedha zote, ifungwe, kila mtu achukue chake. Mpwa wangu, anayesomea uhasibu, alipinga kwa nguvu. Alitukumbusha habari za Berkshire Hathaway, iliyokuwa kampuni ya viwanda vya nguo huko Marekani wakati biashara hiyo ilipokuwa ikifa. Warren Buffett alishika usukani wake mwaka 1965, na badala ya kuzimwaga fedha zote katika mitambo mipya ya kufuma, mwaka 1967 aliitumia kampuni hiyo kununua kampuni ya bima, National Indemnity, kwa takriban dola milioni 8.6. Viwanda vya nguo vilifungwa mwaka 1985, lakini kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine kikubwa. Kwa nini sisi tusiiombe bodi ifanye hivyo?

Nilimsikiliza kwa heshima, kwa maana hoja yake ina uzito. Hata hivyo, kisa kile kinategemea mtu mmoja mwenye kipaji cha nadra, ambaye mali yake mwenyewe ilikuwa ndani ya kampuni. Wakurugenzi wetu, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka iliyo mbele yangu, wana hisa chache mno, na wawili hawana hata moja. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Nasema kwamba mtu asiyepoteza chochote fedha zikipungua atakuwa na subira ambayo mimi siwezi kuimudu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni kingine, nami niliwasimulia kwa kirefu hadi chai ikapoa. Mwaka 1911 mahakama ya juu ya Marekani iliamuru Standard Oil ivunjwe, na miongoni mwa makampuni yaliyozaliwa ilikuwa Northern Pipe Line, yenye mabomba ya kusafirishia mafuta. Mwaka 1926 kijana mmoja wa New York, Benjamin Graham, alikwenda Washington kusoma taarifa ambazo makampuni ya mabomba yalilazimika kuiwasilishia tume ya serikali, taarifa ambazo karibu hakuna mwekezaji aliyejisumbua kuzifungua. Humo alikuta kwamba kampuni ile ndogo ilikuwa na hati fungani za thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa, na hisa ilikuwa ikiuzwa kwa dola 65. Aliponunua hisa 2,000 kati ya 40,000 na kuwaomba wakuu wa kampuni wawagawie wenye hisa fedha zisizo na kazi, alijibiwa kwamba wao ndio wanaojua mambo ya mabomba, na asiyeridhika auze aende zake.

Januari 1927 alisafiri kwa treni hadi mji wa Oil City, Pennsylvania, kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Alisimama kutoa hoja yake, lakini alikuwa amekwenda peke yake, na hoja isiyoungwa mkono na mtu wa pili haijadiliwi. Mkutano ukafungwa. Mwaka mzima uliofuata aliutumia kuwaandikia na kuwatembelea wanahisa mmoja mmoja, akikusanya fomu za uwakilishi, yaani karatasi za kumruhusu awapigie kura, na Januari 1928 alirudi Oil City na kura za kutosha kupata viti viwili kati ya vitano vya bodi. Hatimaye kampuni iligawa dola 70 kwa kila hisa, nayo mabomba yakaendelea kupitisha mafuta kama kawaida.

Mama wa Kisauni, ambaye hakuwa amesema neno, ndiye aliyeniuliza swali lililonigusa: «Na huyo aliyesimama bila mtu wa kumuunga mkono, siku ile alirudi kwao akijisikiaje?» Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba alirudi mwaka uliofuata.

Mpwa wangu alitaja pia njia ya katikati, nayo iko karibu nasi zaidi. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni kununua hisa zake yenyewe, na mwaka 2021 wanahisa wa Nation Media Group walipitisha mpango wa kununua hadi asilimia kumi ya hisa kwa shilingi 25 kila moja, bei iliyokuwa juu ya ile ya sokoni. Kampuni ilikuwa tayari kununua hisa milioni 20.7, na zilizoletwa zilikuwa kama milioni 17.1. Njia hii nimeifikiria sana. Anayetaka kutoka anatoka kwa bei bora, anayebaki anabaki na kipande kikubwa zaidi cha kampuni, na hakuna anayesukumwa. Kwa kampuni yetu ina faida nyingine: ukinunua kwa shilingi 30 kitu chenye fedha za shilingi 42 ndani yake, kila hisa inayobaki inaneemeka. Ila hasara ya kila mwaka haiondoki kwa kununua hisa, na hili nililisema wazi.

Halafu kuna wafanyakazi. Mwalimu alipokuwa akisema habari za kufunga, niliona shemeji yangu akiinamisha kichwa, kwani kaka yake amefanya kazi katika kiwanda kile tangu ujana wake. Katika zile shilingi 42 mafao yao yamekwisha kutolewa, lakini kwenye karatasi tu. Kampuni ikiendelea kupata hasara hadi fedha ziishe, mtu wa kwanza kusimama mlangoni akidai haki yake atakuwa yeye, na fedha hazitakuwapo. Tuliona Mumias, kampuni iliyokuwa fahari ya sukari nchini, ikiwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya mdai, Septemba 2019 kwa sababu ya madeni. Hapo wadai hutangulia, na mwenye hisa huwa wa mwisho kwenye foleni. Sisi bado tunao uwezo wa kuamua tukiwa na kitu mkononi, na kuamua sasa ni kumlinda hata yule kaka.

Uwezo wenyewe, hata hivyo, ni mdogo, na sikutaka kumdanganya mtu. Kuifunga kampuni kwa hiari kunahitaji azimio maalumu, yaani asilimia 75 ya kura, na familia iliyoianzisha kampuni hii ina zaidi ya nusu. Gawio nalo hupendekezwa na wakurugenzi, na katiba ya kampuni yetu, kama zilivyo za makampuni mengi, hairuhusu wanahisa kupitisha zaidi ya kilichopendekezwa. Tunachoweza kufanya ni kuuliza, kupiga kura dhidi ya wakurugenzi wanaoomba kuchaguliwa tena, na kumwandikia mwanahisa mkubwa, ambaye shilingi zake nazo zinapungua tatu tatu kama zangu.

Tangu mikutano ilipohamia mitandaoni mwaka 2020, maswali hutumwa kabla na kura hupigwa kwa simu. Mwaka jana nilipiga kura nikiwa jikoni, nikibonyeza moja kwa kila azimio bila kusoma, na nikarudi kwenye sufuria. Hilo linaniumiza ninapoliandika, kwa kuwa baba alikuwa akivaa kanzu yake safi na kupanda basi la usiku hadi Nairobi kwa ajili ya mkutano ule ule.

Kabla ya magharibi tuliandika swali letu, na tulilifuta mara nne hadi likawa sentensi mbili: «Bodi inahitaji fedha kiasi gani kuendesha biashara iliyopo, na itafanya nini na zinazozidi kiasi hicho kabla ya mwisho wa mwaka ujao wa fedha? Ikiwa jibu ni kusubiri, tunaomba bodi ieleze inasubiri nini.» Mjomba alitaka tuongeze salamu na shukrani mwanzoni, nasi tukaongeza.

Kisha nilitoa fomu za uwakilishi nilizozichapisha kwenye duka la karibu. Watu sita walitia sahihi, wakiniteua mimi niwasemee. Mwalimu alisema atapiga kura yake mwenyewe, na ni haki yake. Mama wa Kisauni aliikunja fomu yake na kuitia mkobani, kwa sababu nusu ya hisa zile bado zimo katika jina la marehemu mumewe na shauri la mirathi halijakwisha kwa kadhi. Kesho asubuhi nitakwenda naye kuuliza limefika wapi. Mwisho wa kutuma fomu ni Alhamisi saa sita mchana.