Hajiri wa Broadway

Somo: Mwanzo 16:7–13, Mathayo 10:29–31

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili naomba tutafakari maisha ya mwigizaji. Najua kuna watakaoshtuka, maana tumezoea kuletewa habari za mitume, wamisionari na akina mama wa maombi. Ethel Waters hakuwa mmisionari. Alizaliwa Chester, Pennsylvania, huko Marekani, tarehe 31 Oktoba 1896. Aliimba kwenye vilabu vya usiku, akacheza dansi za kutikisa mabega na kiuno ambazo mzee wa kanisa angezigeuzia uso, akarekodi nyimbo za mapenzi zenye mafumbo ya kushindana na taarabu. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa wasanii waliolipwa fedha nyingi zaidi kwenye majumba ya maonyesho ya New York.

Makanisani wengi wanaomjua wanamjua kwa wimbo mmoja, ule wa shomoro, aliouimba miaka mingi kwenye mikutano ya injili ya mhubiri wa Marekani Billy Graham (huyo huyo aliyefika Moshi mwaka 1960). Ushuhuda wake husimuliwa kwa kifupi: alikuwa wa dunia, mwaka 1957 akaingia mkutanoni, akampa Yesu maisha yake, basi. Mengi katika hayo ni kweli. Ila ukisimulia hivyo unairuka miaka 40 ya jukwaani, kana kwamba Mungu alikuwa amefumba macho muda wote huo, akimsubiri mama huyu afike kwetu ndipo aanze kumtazama. Mimi siamini hivyo, na ndiyo sababu nimeandika.

Tuanzie mbali. Louise, mama yake Ethel, alibakwa akiwa binti mdogo, na Ethel ndiye mtoto aliyezaliwa. Aliyemlea ni bibi yake, Sally Anderson, ambaye alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu na mara nyingi hakuwepo nyumbani. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1951, Ethel anaanza kwa kusema kwamba yeye hakuwahi kuwa mtoto, na kwamba katika familia yake hakuna aliyemkumbatia wala kumwelewa. Masista wa Kikatoliki waliomfundisha shuleni walimwonyesha wema. Akiwa bado mdogo alimwendea Mungu kwenye mkutano wa watoto katika kanisa la Kimethodisti. Aliolewa akiwa na umri wa kama miaka 13, na ndoa hiyo ilivunjika upesi. Akawa mtandika vitanda hotelini Philadelphia kwa dola 4.75 kwa wiki. Usiku mmoja wa siku yake ya kuzaliwa akaimba kwenye kilabu mjini humo, wenye maonyesho wakamsikia, wakampeleka Baltimore kuimba kwa dola 10 kwa wiki. Alikuwa mrefu na mwembamba, wakampachika jina la Sweet Mama Stringbean (stringbean ni ganda refu jembamba la maharage mabichi).

Alikuwa na vipaji vingi kweli. Aliweza kuimba blues, nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi, kwa sauti ya chini inayosikika kila silabi, aliweza kuchekesha, aliweza kucheza. Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya maonyesho ya New York, alifika mwaka 1927. Mwaka 1933 aliimba "Stormy Weather" pale Cotton Club, kilabu cha usiku mtaani Harlem, New York, na baadaye akaeleza kwamba alipouimba wimbo ule alikuwa anasimulia mateso yake mwenyewe. Mtunzi Irving Berlin alimsikia, akamchukua kwenye onyesho lake jipya, "As Thousands Cheer", lililofunguliwa mwezi Septemba mwaka huo huo.

Onyesho lile lilikuwa la vichekesho na nyimbo. Kila kipande kilitanguliwa na kichwa cha habari, kama ukurasa wa gazeti. Watu wamekaa, wamevaa vizuri, wanacheka. Kisha kinatokea kichwa kinachosema kwamba mtu mweusi asiyejulikana ameuawa na kundi la watu wenye hasira. Anaingia Ethel, anaimba. Ni mke, ni jioni, anaandaa meza ya chakula cha usiku. Watoto wanataka kula. Anajiuliza atawaambia nini, na atawezaje kumshukuru Bwana mezani, maana baba yao harudi tena. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Wapo waliotaka wimbo ule uondolewe kwa hofu ya kuwaharibia watazamaji furaha yao, Berlin akakataa. Inasimuliwa pia kwamba waigizaji wenzake wazungu hawakutaka kuinama naye mbele ya watazamaji mwisho wa onyesho, Berlin akawaambia kama ni hivyo hakuna atakayeinama, wakalegea.

Someni Yeremia 31:15, Raheli akiwalilia watoto wake, mniambie kama kilio kile cha Broadway hakina undugu na hicho cha nabii. Sauti inasikiwa Rama. Safari hii ilisikiwa na watu waliokata tiketi kwenda kucheka.

Lakini niliyetaka hasa tumwangalie ni Hajiri.

Tarehe 3 Januari 1939, katika ukumbi wa Empire, New York, Ethel alipanda jukwaani kwenye tamthilia ya "Mamba's Daughters" ya Dorothy na DuBose Heyward. Hapo hakuwa mwimbaji wa kupamba onyesho. Alibeba mchezo mzima, mchezo mzito, jambo ambalo mwanamke mweusi wakati ule hakupewa. Mhusika wake anaitwa Hagar, yaani Hajiri, jina la yule mjakazi wa Sarai. Ni mwanamke mwenye nguvu nyingi na maneno machache, anayefanya kazi ngumu mbali na mwanawe ili binti huyo aishi maisha bora kuliko yake. Binti anaharibiwa na mwanamume. Hajiri anamuua mtu yule, kisha anajiua.

Ethel alieleza wazi kwamba kwake Hajiri alikuwa Louise, mama yake mzazi. Hapa nawaomba tutulie kidogo. Huyu ni mtoto wa ubakaji, mtoto ambaye mama yake hakuweza kumpenda kama mama anavyopenda, maana kila alipomtazama jeraha lilifunguka. Na mtoto huyo, akiwa mtu mzima mwenye jina, anasimama mbele ya watu kila usiku na kuvaa maumivu ya mama yake. Anayasema yale ambayo Louise hakuwahi kupata mtu wa kumwambia. Amri ya tano tunaijua kwa moyo, waheshimu baba yako na mama yako. Wengi wetu tunaitimiza kwa kitenge cha Krismasi na hela ya dawa, na ni vizuri. Kwa mama aliyekuumiza huku naye akiwa ameumizwa, heshima huanza pale unapokubali kuyaona yaliyompata. Ethel aliyaona. Tena aliwalazimisha matajiri wa New York nao wayaone.

Usiku ule wa ufunguzi pazia lilifunguliwa mara 17 kwa sababu makofi hayakwisha. Mhakiki wa New York Times, Brooks Atkinson, hakuvutiwa, akaandika hivyo. Wasanii kadhaa wakachanga fedha zao wenyewe, wakalipia tangazo kwenye gazeti hilo hilo kumtetea Ethel. Atkinson akarudi kuutazama mchezo upya na kubadili aliyoyasema. Mhakiki kurudi nyuma namna hiyo si jambo la kila siku.

Sasa rudini kwenye Mwanzo 16. Hajiri wa Biblia amekimbia, ana mimba, yuko jangwani penye chemchemi ya maji kwenye njia ya kwenda Shuri. Hakuna anayemtafuta isipokuwa malaika wa Bwana. Na ni yeye, mjakazi wa kigeni, anayempa Mungu jina: Mungu anayemwona. Hajaingia hemani kwa Abramu na kuombewa. Ameonwa pale pale njiani alipokuwa. Louise Anderson naye hakuwa na mahali pa kukimbilia, wala sitaki kujifanya najua Mungu alisema naye nini. Ninachoshika ni kwamba Hajiri yule wa jukwaani aliwekwa mbele ya macho ya watu na binti wa mwanamke aliyedhaniwa haonekani, na sioni namna ya kusema Mungu hakuwepo ukumbini kwa kuwa tu watu walilipa kiingilio.

Isije ikaonekana ninamtangaza mtakatifu. Ethel alikuwa na hasira kali na mdomo usio na breki. Mwaka 1940 aliigiza Petunia, mke wa maombi, katika "Cabin in the Sky", na mchezo huo ulipofanywa filamu mwaka 1943 aligombana na wenzake, na baadaye akakaa miaka kadhaa bila filamu hadi 1949. Ndoa zake hazikudumu. Fedha zilikuja kwa wingi, zikaondoka kwa wingi.

Kisha akaletewa Berenice, mpishi katika "The Member of the Wedding", tamthilia ya Carson McCullers iliyofunguliwa Broadway Januari 1950. Mwanzoni aliikataa, kwa sababu hakumwona Mungu ndani ya mwanamke yule. Alikubali baada ya kuruhusiwa kumwigiza kwa namna yake. Kulikuwa na mahali ambapo Berenice anawabembeleza watoto, na mwandishi alikuwa ameweka wimbo wa Kirusi wa kulazia mtoto. Ethel akasema hapana. Badala yake akaimba wimbo alioupenda bibi yake Sally, ule wa mwaka 1905 unaosema kwamba jicho la Mungu liko juu ya shomoro. Ni jikoni, mpishi ameketi, wale watoto wawili wa kizungu wasio na mtu wa kuwasikiliza wamejikusanya kwake, naye anawaimbia taratibu. Yeye ambaye hakukumbatiwa ndiye mwenye mikono. Mchezo ule ulionyeshwa mara 501.

Angalieni tarehe. Ni miaka saba kabla ya mkutano wa Billy Graham. Watu walikuwa wanatoa hela kuingia kwenye mchezo wa kidunia, na humo ndani wanaimbiwa Mathayo 10 na mwanamke aliyegoma kupanda jukwaani bila Mungu wake. Hakuhubiri. Hakuita mtu mbele. Alifanya kazi yake kwa uaminifu, na imani ikaingia kupitia mlango wa kazi.

Bwana wetu alisema mashomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Katika Luka 12 bei inashuka, watano kwa senti mbili. Anayekwenda sokoni anaelewa haraka, yule wa tano ni nyongeza, kama nyanya moja anayokutupia mama muuzaji juu ya fungu ili urudi kesho. Hana bei kabisa. Na huyo, anasema Yesu, hasahauliwi mbele za Mungu. Tena tusome vizuri. Hakusema shomoro haanguki. Alisema haanguki bila Baba kujua. Hajiri wa jukwaani alianguka. Louise alianguka. Tumezoea kuuimba mstari huu kana kwamba ni bima ya ajali, na tukianguka tunadhani Mungu ametuacha au tumekosa imani.

Mwaka 1957 Ethel alikuwa anadaiwa kodi na serikali, kazi ni chache, mwili umekuwa mzito, hadi akajitokeza kwenye mchezo wa maswali wa televisheni kutafuta fedha za kulipa deni. Ndipo alipokwenda Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa New York ambako Billy Graham alikuwa akihubiri. Alirudi tena na tena, akaingia kwenye kwaya. Nyota aliyefunguliwa pazia mara 17 akaketi safu moja na walimu na makarani, akaimba sehemu yake. Wanakwaya mnaonuniana kwa sababu ya kipaza sauti, hapo nadhani mmenielewa. Baadaye akaombwa aimbe peke yake, na wimbo alikuwa nao tayari. Aliendelea na mikutano hiyo kwa karibu miaka 20. Berenice hakumtupa, alimwigiza tena hata baada ya hapo. Alifariki Chatsworth, California, tarehe 1 Septemba 1977.

Kuna vijana kwetu wanaoigiza, wanaochekesha mitandaoni, wanaoimba harusini Jumamosi na kanisani Jumapili. Wengine wameacha kuja kwa sababu ya jinsi tulivyowatazama. Juma hili, badala ya kuwapelekea ujumbe wa kuwauliza wataacha lini, nendeni mkatazame kazi ya mmoja wao hadi mwisho. Kisha mkae naye, mle naye, mmuulize anapoigiza huwa anamfikiria nani.

Tuombe.

Ee Mungu umwonaye Hajiri, tunawaleta kwako mama zetu, na hasa wale ambao mapenzi yao yalitufikia yamevunjika. Tuoneshe yaliyowapata. Tunawaombea watoto waliozaliwa kwa jeuri, wasibebeshwe aibu ya mtu mwingine. Tunawaombea wasanii walioko safarini usiku huu, na wanaovua mavazi ya jukwaani nyuma ya pazia wakiwa na njaa na deni. Wape watu wa kweli. Na wale wanaoandaa meza leo huku wakijua mmoja harudi, kaa nao, Bwana, wakati wa chakula. Katika jina la Yesu. Amina.