Fuwele yangu ya bluu

Leo asubuhi, hapa kwetu Kamalondo, Lubumbashi, nimetoa kwenye glasi ya maji fuwele yangu ya kwanza, yaani kipande kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu. Ni ya sulfati ya shaba, bluu iliyokolea, ukubwa wa punje ya haragwe. Siku 12 imening'inia kwa uzi, na siku zote hizo watoto nimewakataza kusogelea meza, maana ile ni sumu. Upande mmoja ni laini kama kioo. Upande wa pili umeotwa na vijifuwele ovyo ovyo.

Mdogo wangu akaniuliza, "Yaya, mbona huku kumeharibika?" Nilifurahi kweli kuulizwa!

Fuwele ikinyonya sulfati iliyoyeyuka, maji yaliyo karibu nayo yanabaki mepesi, yanapanda juu, mazito yanachukua nafasi yake. Mkondo huo hautulii. Vijifuwele vingine navyo vinazama na kugandamana nayo, ndiyo maana upande ule umeharibika.

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita kama 400 juu yetu, vitu vinaelea kwa sababu kituo chenyewe kinaanguka mfululizo kikiizunguka Dunia. Huko maji mepesi hayapandi wala mazito hayazami, kwa hiyo mkondo ule karibu unatoweka. Molekuli, zile chembe ndogo zinazojenga fuwele, zinafika polepole, zinapata muda wa kujipanga. Ndiyo maana tangu safari ya 1983 ya Spacelab, maabara iliyobebwa na chombo cha anga kabla kituo hicho hakijajengwa, wanasayansi wanakuza fuwele za protini angani: iliyopangika vizuri, ikipigwa eksirei, inaonyesha umbo la protini, na watengeneza dawa wanalihitaji sana umbo hilo. Si kila jaribio linafaulu, hata huko.

Kesho naanza glasi nyingine, ndani ya katoni yenye vitambaa, ili joto lisipande na kushuka.