Hesabu Dakika Nzima

Darasa langu la wahudumu wa afya wa vijijini huanza na kuhesabu. Wanafunzi huja wakitegemea tuanze na dawa, au angalau na mashine, kumbe siku nzima ya kwanza tunahesabu pumzi za watoto. Fulana inapandishwa, mtoto anabaki mapajani kwa mama yake, na wewe unatazama kifua kikipanda na kushuka mpaka dakika iishe. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, hiyo ni kasi ya hatari. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Akilia, unasubiri atulie, kisha unaanza upya.

Somo lenyewe ni dogo, lakini ndilo linalonionyesha nani atakuwa mhudumu na nani atakuwa mjaza fomu. Mjaza fomu huhesabu sekunde 15 kisha huzidisha kwa nne. Utamjua kwenye rejista: pumzi zote za mwezi ule zinagawanyika kwa nne. 44, 48, 52, 40, 48. Kichanga hapumui hivyo. Huvuta haraka haraka, akasita, akaendelea, na anayepima robo dakika ameikamata robo moja tu ya hadithi. Nikiona ukurasa wa namna hiyo sihitaji kumuuliza mtu alifanyaje kazi.

Namba ile ina maisha mawili. Leo inaamua kama mtoto anapewa amoksilini, dawa ya nimonia, au anarudi nyumbani na maelekezo. Baada ya miaka mitatu anakuja mtafiti, anafungua rejista ileile, na namba ileile inaingia kwenye jedwali la nimonia la wilaya nzima. Ndiyo maana nabishana na wenzangu wanaogawa ratiba kuwa "wiki ya tiba" na "wiki ya utafiti". Kwenye zahanati ya kijijini hakuna mpaka huo. Anayetibu ndiye anayeandika, na anayeandika vibaya anaharibu vyote viwili kwa kalamu moja.

Mfano ninaoupenda unatoka Gadchiroli, India, ambako madaktari wawili, mtu na mkewe, Abhay na Rani Bang, walianza kazi mwaka 1986. Walikuta wakunga wa jadi wasiojua kusoma wala kuhesabu, na nimonia ikiua watoto. Wengine wangesema hawa hawafundishiki. Wao walitengeneza kifaa chenye shanga na kipima dakika cha mchanga, mkunga akawa anasogeza shanga kadiri mtoto anavyopumua, na shanga zikamwambia kama ni nimonia. Baadaye wakawafundisha wanawake wa vijijini wenye elimu ya miaka michache tu kuhudumia vichanga majumbani: kuwapima uzito, kuwapa joto, kutambua maambukizi na kuyatibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Katika vijiji 39 vilivyokuwa na huduma hiyo, vifo vya vichanga vilipungua kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa nayo. Wanawake wale ndio waliotibu, na ndio walioandika kumbukumbu zilizothibitisha kwamba tiba inafanya kazi.

Wanafunzi wangu wakinung'unika kwamba utafiti ni wa watu wa vyuo vikuu, nawasimulia habari za William Pickles. Huyu alikuwa daktari wa kawaida kijijini, katika bonde la Wensleydale, Yorkshire, Uingereza. Hakuwa na maabara wala ruzuku. Alichokuwa nacho ni daftari, mke aliyemsaidia na chati, na faida moja ambayo daktari wa mjini hana: aliwajua watu wake wote, nani mchumba wa nani na nani alipanda gari la nani kwenda mnadani. Mwaka 1929 ugonjwa wa manjano uliingia bondeni. Asubuhi moja alikwenda kumtazama msichana aliyekuwa kitandani. Alasiri akashangaa kumwona kwenye sherehe ya kijiji. Yapata mwezi mmoja baadaye, waliokuwa naye siku ile wakaanza kuugua. Kwa kufuatilia mikutano mifupi ya aina hiyo, Pickles alionyesha kwamba ugonjwa huo, ambao leo tungeuita homa ya ini, hukaa mwilini siku 26 hadi 35 kabla haujajitokeza. Mjini, ambako mtu hukutana na mamia kwa siku, hesabu hiyo isingewezekana. Mwaka 1953 akawa rais wa kwanza wa chuo cha madaktari wa familia cha nchi yake.

Kwa hiyo kijiji hakijapungukiwa kitu mbele ya utafiti. Kuna maswali ambayo hujibika kijijini tu.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, nina ugomvi wa siku nyingi na semina za hotelini. Unajua zilivyo: siku tatu, bango ukutani, kitita cha makaratasi, mtihani mwepesi mwanzoni na uleule mwishoni ili ionekane watu wamepanda, kisha posho na picha ya pamoja. Anayepimwa pale ni mwanasemina. Mgonjwa hayupo.

BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh, ilifanya kinyume kabisa. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1990 ilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kumrudishia mtoto anayeharisha: mfinyo wa chumvi, konzi ya sukari, nusu lita ya maji. Zaidi ya kaya milioni 12 zilifikiwa. Kilichonivutia ni mshahara. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizozitembelea. Baada ya wiki kadhaa alipita mtu mwingine, akachagua baadhi ya nyumba, akamuuliza mama anakumbuka nini na kumwomba atengeneze yale maji mbele yake. Kadiri akina mama walivyokumbuka, ndivyo mwalimu alivyolipwa. Nilipoupendekeza utaratibu huo kwenye kikao cha wakufunzi, ukimya ulioingia ulikuwa wa aina yake.

Na hata hivyo, mwanzoni mpango ule ulikwama. Akina mama walijua kutengeneza lakini hawakuyatumia. BRAC ilipochunguza, ikagundua kwamba walimu wenyewe hawakuyaamini. Watoto wao walipoharisha walitafuta vidonge. Wakapelekwa kwenye hospitali ya kipindupindu Dhaka, wakaonyeshwa kwa macho yao jinsi maji yale yanavyofanya kazi, na wakaanza kuyanywa mbele ya akina mama wakati wa kufundisha. Hapo mambo yakabadilika. Mimi huo nauita utafiti mzuri kuliko makala nyingi nilizosoma, kwa sababu ulianza na mtu kujiuliza kwa nini kazi yake haizai.

Suala la nani afundishwe halihitaji maneno mengi, majibu yapo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuwapata na kuwabakiza wahudumu vijijini mwaka 2010 lilieleza kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini, lakini wanahudumiwa na asilimia 38 tu ya wauguzi na chini ya robo ya madaktari. Mwongozo ukashauri kuchukua vijana waliokulia vijijini, kujenga vyuo nje ya miji mikuu na kuwapeleka wanafunzi vijijini mapema. Japani ilikwisha anza: Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichofunguliwa mwaka 1972, humfutia mwanafunzi deni la ada akitumikia mkoa wake miaka tisa. Watu hubaki pale walipozoea kuishi. Ukimlea mtu miaka sita mjini halafu ukamlaumu kwa kukimbilia mjini, umemwonea.

Lakini mfano wa kuweka mafunzo na utafiti chini ya paa moja hatuna haja ya kuuazima mbali. Mwaka 1957 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo Ifakara, Tanzania, na mwaka 1961 kituo cha kufundishia wahudumu wa vijijini kikafunguliwa hapohapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, eneo hilohilo, wilaya za Kilombero na Ulanga, ndilo lililoonyesha kwamba watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyoongezeka kwa asilimia 27. Nyuma ya namba hiyo kuna watu waliopita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wakiuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kazi ya kuchosha kuliko zote, na bila hiyo hakuna asilimia yoyote.

Hao ndio ninaowafundisha, na kwa ajili yao nimekuwa msumbufu kwa wageni. Mtafiti akija na vishikwambi vyake na dodoso la kurasa 20, namuuliza kwanza ni swali la nani hili. Kisha nauliza jina la muuguzi aliyekusanya takwimu litakaa wapi kwenye makala, kwa sababu nimechoka kuona "shukrani kwa wahudumu wote" pale chini. Mwisho nauliza kijiji kitapata lini majibu, na kwa lugha gani.

Mmoja aliwahi kunijibu, kwa upole kabisa, kwamba bajeti ya mrejesho haikuwemo. Ya makoti ya mvua yenye nembo ya mradi ilikuwemo.

Tangu hapo, kabla sijamkubalia mtafiti yeyote, nampa karatasi moja yenye mstari wa kuandika tarehe ya kurudi kijijini na matokeo, na mahali pa yeye kutia sahihi. Wengi huujaza bila ubishi. Anayeuacha wazi simpi wanafunzi wa kumtembeza.